Pamba si ya Jiji peke yake

Nataka nitoe dukuduku langu kuhusu klabu ya Pamba ya Mwanza, ambayo siku hizi huitwa Pamba Jiji. Naandika kutoka Bariadi, mkoani Simiyu, na najua wako wasomaji watakaouliza, mtu wa Bariadi na klabu ya Mwanza wapi na wapi? Swali hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza napenda kuwapongeza viongozi, walimu na wachezaji walioirudisha Pamba katika Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20. Sisi tuliokuwa tumekata tamaa tulikwisha kuzoea kuwasimulia watoto habari za Pamba kama mtu anavyosimulia habari za babu yake. Leo watoto hao hao wanaiona timu ikiingia Kirumba kupambana na Simba na Yanga. Anayebeza jambo hilo hajui tulikotoka.

Tulikotoka ni mbali. Vijana wengi wanadhani Pamba ni timu ndogo iliyopanda juzi, hivyo yafaa waelezwe. Pamba ilitwaa Kombe la Nyerere mwaka 1989, na mwaka 1990 ikawa bingwa wa Muungano. Mwaka huo huo, katika Kombe la Washindi barani Afrika, iliwakandika Anse Boileau ya Ushelisheli mabao 12 kwa 1 katika mchezo mmoja. Kombe la Nyerere ikalichukua tena mwaka 1992. Timu hiyo ilikuwa na watu kama George Masatu, Hussein Masha, Khalfan Ngassa, Fumo Felician, Nteze John na Mao Mkami. Ngassa huyo ndiye baba wa Mrisho Ngassa, aliyekuja kuwa mfungaji hodari wa Taifa Stars. Na Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Masatu na Masha walikuwamo kikosini. Kwa maneno mengine, hata sifa ya Dar es Salaam mwaka ule ilikuwa na jasho la Mwanza ndani yake.

Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga; Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo kiserikali Pamba haikuwa timu ya mkoa wetu. Lakini nakumbuka vizuri jinsi watu walivyokuwa wakilizunguka redio kwenye ghala la chama cha msingi siku za mechi, karani akiwa mizanini na wenye mizigo wakimwomba angoje kwanza mpira uishe. Mtangazaji wa Redio Tanzania alipotaja jina "Pamba", hapana mtu pale aliyefikiria mtaa wa Mwanza. Tulifikiria zile tela zilizokuwa nje zimejaa, na migongo yetu iliyokuwa inauma. Jina la zao letu lilikuwa likitangazwa nchi nzima, na kwa siku moja halikutajwa kwa sababu ya bei kushuka au malipo kuchelewa. Lilitajwa kwa sababu limefunga bao.

Ndugu Mhariri, sisemi haya kwa kujipendekeza. Klabu haikupewa jina lile kwa bahati. Mwanza ilikuwa, na bado ni, makao ya shughuli za zao la pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kujiunga katika vyama vyao tangu miaka ya hamsini, na mwaka 1955 ukaundwa ule muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria chini ya Paul Bomani, ambao baadaye ulizaa Nyanza. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, kazi ikachukuliwa na Mamlaka ya Pamba, kisha vyama vikarudishwa miaka ya themanini. Katika mageuzi yote hayo kitu kimoja hakikubadilika. Fedha ya pamba ilitoka shambani, na mashamba hayo mengi yalikuwa huku kwetu, Bariadi, Maswa na Meatu. Hata leo Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Sasa zao ni la kwetu, jina ni la kwetu, lakini mbele ya jina limewekwa neno "Jiji".

Naelewa sababu. Halmashauri ya Jiji la Mwanza iliichukua klabu wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kuilisha, na mwenye kumlea mtoto ana haki ya kumpa jina. Silalamikii neno hilo kama neno. Ninalotaka kuwauliza viongozi wa sasa ni kama wanaichukulia Pamba kuwa idara ya halmashauri, au klabu yenye watu wake. Maana hivyo ni vitu viwili, na mwisho wake hautafanana.

Tazama yaliyotokea katika kanda yetu hii. Toto African ya Mwanza ilishuka Ligi Kuu mwaka 2017. Stand United ya Shinyanga ikashuka mwaka 2019. Mbao na Alliance, zote za Mwanza, zikashuka pamoja mwaka 2020. Mwadui ikafuata mwaka 2021, Biashara United ya Mara mwaka 2022, Geita Gold mwaka 2024, na Kagera Sugar, ambayo wengi tuliidhani haishuki, mwaka 2025. Hivyo Pamba ilipoanza msimu wa 2025/26 ilikuwa peke yake katika Ligi Kuu kutoka kanda nzima ya Ziwa. Mtu akiona nyumba za jirani zimeungua zote hapaswi kukaa akisifu rangi ya mlango wake.

Ya Stand United inatuhusu zaidi sisi watu wa huku kwa sababu ilikuwa jirani, na wapo waliokuwa wakitoka Maswa na Bariadi kwenda Kambarage kuitazama. Ile ilikuwa timu ya watu wa stendi kweli kweli, "Chama la Wana", na ilipopanda mwaka 2014 ilipata mashabiki ambao hata timu za Dar es Salaam zingewaonea wivu. Ikapata na mdhamini mkubwa, kampuni ya uchimbaji dhahabu. Kilichofuata kila mpenda kandanda anakijua. Mwaka 2016 ukazuka mgogoro kati ya waliotaka timu iendeshwe kama kampuni na waliosema ni mali ya wanachama. Mdhamini akaondoka zake. Haikupita miaka mitatu timu ikateremka. Fedha ilikuwapo, watu walikuwapo, uwanja ulikuwapo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja tu, klabu hii ni ya nani, na jibu hilo lilitakiwa kuandikwa kabla fedha haijaingia mlangoni.

Wako watakaosema kwamba timu za halmashauri zina usalama kwa kuwa bajeti ipo. Mbeya City ilikuwa ya halmashauri. Ilipanda mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, watu wakafunga maduka kwenda Sokoine. Mwaka 2023 ikashuka, na ilirudi mwaka 2025 baada ya kusota. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani, na madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mkurugenzi naye anaweza kuhamishwa kesho asubuhi. Akija ambaye hapendi mpira, au anayependa mpira lakini ana shule zisizo na madawati, timu itakwenda wapi? Na kwa kweli huyo wa madawati hatutaweza hata kumlaumu.

Sisi wa zamani tuliona pia klabu za mashirika ya umma. Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, Sigara ya Dar es Salaam, zote zilikuwa timu za kuogopwa. Mashirika yalipotikisika nazo zilitikisika. Pamba yenyewe ni shahidi. Soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na wanunuzi wale walikuja kununua pamba, hawakuja kulea timu ya mpira. Miaka michache baadaye Pamba ikawa nje ya ligi ya juu.

Basi klabu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni Serikali, haijapata mizizi. Simba na Yanga zimepita katika migogoro ya kutisha, Yanga ikafikia kugawanyika na kuzaa Pan African mwaka 1976, lakini zipo mpaka leo. Si kwa sababu viongozi wake wote walikuwa malaika. Zipo kwa sababu kiongozi akiharibu, kuna wanachama wenye kadi wa kumwita mkutanoni na kumuuliza. Hata yalipokuja mabadiliko ya uwekezaji, Serikali ilisimama kidete kwamba wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Je, Pamba nayo imejiandaa kwa siku hiyo? Mwanachama wa Pamba ni nani? Mkulima wa Itilima akitaka kadi aende wapi, na akiipata itampa haki gani zaidi ya kuiweka mfukoni?

Nagusia kidogo na ya uwanjani, maana mashabiki hatuishi kwa katiba tu. Mbwana Makata aliipandisha timu mwaka 2024. Ligi ikaanza na Goran Kopunović, akaondolewa Oktoba mwaka huo huo. Akaja Fred Felix Minziro, timu ikanusurika kushuka. Mwaka 2025 akaja Francis Baraza kutoka Kenya. Walimu wanne kwa muda wa mwaka mmoja na kitu! Mkulima akibadilisha mbegu katikati ya msimu humcheki? Najua matokeo yana shinikizo lake, na sidai kwamba kila aliyeondoka alionewa. Lakini mwalimu apewe muda, na kama haondoki kwa sababu za kimpira wapenzi waambiwe.

Sasa nitoe rai yangu. Uanachama wa Pamba ufunguliwe rasmi katika mikoa yote inayolima pamba, kwa matawi yaliyoandikishwa, na matawi hayo yawe na wajumbe wenye kura katika mkutano mkuu. Hesabu za mapato na matumizi zibandikwe wazi kila mwaka, Mwanza na kwenye matawi. Jiji libaki na sehemu yake kwa heshima ya kazi lililofanya, sehemu kubwa ikibidi, lakini isiwe yote.

Ila nina ombi moja ambalo nalisisitiza. Asije mtu akapata wazo la kutukata senti mizanini kwa ajili ya timu. Mkulima wa pamba amekatwa vya kutosha maishani mwake, kwa ushuru na michango ya kila jina, na makato mengine hakuelezwa yalikwenda wapi. Mchango wa mpira utolewe na apendaye, kwa mkono wake, akapewe risiti na kadi yake. Shilingi elfu tano kwa mwaka si mzigo kwa mtu aliyeuza kilo mia nne. Lakini zikikatwa bila ridhaa yake, hata kilo moja ataidai, na ataichukia timu pamoja na waliomkata. Nawajua watu wa kwetu.

La mwisho ni jepesi na halihitaji hata kikao. Soko la pamba hufunguliwa Mei na watu huwa na fedha kidogo mikononi mpaka Agosti. Wakati huo huo ligi imepumzika na timu zinatafuta michezo ya kujipima nguvu. Badala ya Pamba kwenda kupiga kambi mbali, ije Bariadi kwa wiki moja mwezi Julai, icheze na timu ya mkoa, kisha iende Maswa. Kutoka Mwanza hadi Lamadi ni lami, na kutoka Lamadi hadi Bariadi ni lami. Vijana wetu wanaocheza kwenye ligi za mitaa wakiwa pekupeku wataonekana, na huenda akatoka humo Masatu mwingine. Meza ya kuandikisha wanachama iwekwe getini, kiingilio kiwe shilingi elfu mbili, mwenye kadi aingie kwa nusu. Majani ya uwanja tutayafyeka wenyewe wiki moja kabla, mradi barua ya kutujulisha ije mapema na isipitie ofisi nyingi mno.

Mkulima na mpenzi wa Pamba,
Bariadi, Simiyu.