Kupe Anayekunywa Hewa

Msomaji mmoja aliyehamia Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, ameniandikia akiwa na maswali matatu. Mjini humo Wakongo wanaozungumza Kiswahili ni wengi, na anasema majirani wenyeji wamewatisha wageni juu ya kupe wa majanini na juu ya kidudu kingine ambacho jina lake la Kiingereza, likitamkwa haraka, husikika kama lile la funza. Kanisani kwao wote wameshakiita funza. Anauliza kama ni funza yule yule wa nyumbani, kama watoto wanaweza kucheza uani, na kama ni kweli kuna kupe anayemfanya mtu ashindwe kula nyama.

La kwanza nalimaliza upesi. Si yule. Funza, au tekenya, ni kiroboto jike anayejichimbia kwenye ngozi ya mguu na kulea mayai humo. Asili yake ni Amerika ya tropiki. Alifika Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akalivuka bara hadi pwani yetu kabla karne ile haijaisha. Kidudu cha Kentucky ni kichanga cha utitiri. Kina miguu sita, urefu wake ni kama robo ya milimita, na hakichimbi. Hubandika mdomo juu ya ngozi, hutema mate yanayoyeyusha seli, kisha hufyonza kilichoyeyuka kupitia mrija mdogo unaojijenga palepale kwenye ngozi ya mtu. Damu hakina haja nayo. Kikishashiba huanguka, na kikikomaa huwa mwindaji wa mayai ya wadudu asiye na habari na sisi.

Tukiite nini basi? “Utitiri mwekundu” nimeukataa, maana wafugaji wa kuku wanao wao tayari. “Utitiri wa porini” unadanganya, kwa kuwa hata ukingo wa bustani ya mjini unao. Nimeishia na “utitiri wa majani”, na nitaung'ang'ania mpaka atokee mwenye jina bora. Jina hapa lina kazi: anayeamini ana funza huchukua pini na kuanza kuchokonoa, na ndani hamna kitu. Anaongeza kidonda tu. Muwasho huanza saa chache baada ya kuumwa na kufika kileleni siku ya pili, wakati ambapo mara nyingi mhalifu ameshaondoka. Dawa yake ni kuoga mara tu utokapo majanini, kwa sabuni na dodoki, ukikazania kiunoni, nyuma ya magoti na pale soksi zinapobana, kwa sababu vidudu hivi hutangatanga mwilini kabla ya kuchagua mahali.

Sasa kupe. Orodha ya magonjwa yake nairuka; ni ndefu, na daktari wa Kentucky anaijua kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumzia kiu.

Chukua kupe mwenye miguu myeusi, ambaye yuko sehemu kubwa ya mashariki ya Marekani. Anaishi miaka miwili hadi mitatu, na katika umri huo wote anakula mara tatu: akiwa kichanga, akiwa kijana, na akiwa mtu mzima. Kila mlo ni siku chache. Muda uliobaki, yaani karibu maisha yake yote, yuko nje, tumbo tupu. Njaa anaiweza. Kinachomuua ni kukauka. Kupe kijana ni mdogo kama mbegu ya mpopi, na kiumbe mdogo kiasi hicho ana ngozi nyingi na maji machache, hivyo kila saa ya hewa kavu inamnyonya yeye. Ngozi yake ina nta, na vitundu vyake vya kupumulia huvifunga anapotulia. Hata hivyo maji yanapungua, na chakula cha kuyarudisha kinaweza kuwa mbele miezi minane.

Anayatoa wapi? Mwaka 1946 Mwingereza Anthony Lees alichapisha utafiti kuhusu kupe wa kondoo. Aliwaacha wakauke, akawaweka kwenye hewa yenye unyevu, akawapima. Uzito ulikuwa umerudi, ilhali hawakuwa wamekula wala kugusa tone la maji. Walikuwa wameyatoa hewani. Lees alidhani kazi hiyo inafanywa na ngozi, na dhana hiyo ikatawala kwa karibu miaka 30, hadi mwaka 1974 Rudolph na Knülle, huko Ujerumani, walipoonyesha kwamba maji yanaingia kwa mdomo.

Mdomo unakunywaje hewa? Aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja jibu analo kwenye kabati la jikoni. Masika yakiingia, chumvi hulowa. Jioni umeiacha kavu kwenye kopo, asubuhi imeshikamana, na ukichelewa zaidi utakuta chini kuna kijimaji cha chumvi kali, wala hakuna aliyemwaga maji. Mama akatia punje za mchele zinyonye unyevu. Binamu aliyekuja likizo kutoka Nairobi anashangaa, kwani chumvi ya kwao humwagika kama mchanga mwaka mzima. Chumvi ni ile ile, duka moja, pakiti moja. Kilichotofautiana ni hewa. Chumvi safi ya mezani ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, punje hukaa kavu, ukivuka hapo, punje huanza kuvuta mvuke na kujiyeyusha ndani ya maji iliyoyakamata yenyewe. Hakuna mashine, hakuna nguvu inayotumika. Na kila aina ya chumvi ina mpaka wake, nyingine juu ya hapo, nyingine chini.

Kupe amelibeba kopo hilo mdomoni. Sehemu fulani ya tezi zake za mate hutoa majimaji yenye chumvi nyingi sana, anayajaza mdomoni, na hewa ikiwa kavu hubaki utando wa fuwele. Kupe akishuka mahali penye unyevu, fuwele hulowa kama chumvi ya Tanga mwezi wa nne, na yeye humeza. Hutema tena, hulowa tena, humeza tena. Mpaka wake, kwa kupe wengi, uko kati ya asilimia 80 na 90 hivi, kutegemea aina. Juu ya hapo anajaza tangi. Chini ya hapo, tangi linavuja. Nimesoma mengi juu ya wanyama wa jangwani wanaosifiwa kwa kubana maji, na sidhani kuna ufundi unaonipendeza kuliko huu wa mdudu tunayemponda kwa ukucha.

Ukishalielewa hilo, mwenendo wote wa kupe unasomeka. Haruki, wala hadondoki kutoka mitini kama watu wanavyoapa. Hupanda jani, mara nyingi lisilofika gotini, hushika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, ambayo ina kiungo cha kunusa pumzi na kuhisi joto la mwili. Hapo juu anaotea, na hapo juu anakauka. Kiu ikimzidi hushuka hadi kwenye majani makavu yaliyorundikana chini ya miti, ambako chini ya tabaka la juu kuna baridi na unyevu hata mchana wa Julai. Anakunywa, anapanda tena. Safari hizo za juu na chini ndizo maisha yake, na kila safari hula akiba ya nguvu isiyojazwa. Wafugaji wetu wanaijua nusu ya habari hii bila maabara: mvua zikianza, masikio ya ng'ombe hujaa kupe, na hofu ya ndigana kali hupanda.

Kwa hiyo uani Kentucky usitafute kupe; tafuta unyevu. Katikati ya nyasi zilizofyekwa fupi, juani, ni jangwa kwake. Pembeni, nyasi zinapokutana na msitu, kwenye lundo la majani ya msimu uliopita, kwenye kuni zilizopangwa kivulini, ndiko nyumbani. Mamlaka za afya za Marekani hushauri kutandaza kokoto au vipande vya mbao kwa upana wa karibu mita moja kati ya ua na msitu, na sasa unajua sababu: ni ukanda mkavu ambao kupe mwenye tangi nusu hujutia kuuvuka. Bembea ya watoto iwekwe juani, mbali na miti. Njiani msituni, tembea katikati. Utitiri wa majani nao hupenda nyasi ndefu zenye kivuli, tena hukaa kwa mafungu. Unaweza kuketi mahali ukaumwa mara mia, na mwenzio aliye hatua chache pembeni asipate hata mmoja.

Na nguo? Wengi huzitupa kwenye mashine ya kufulia, na kupe hutoka humo mzima, kwa kuwa maji hayajawahi kuwa tatizo lake. Anza na mashine ya kukaushia: dakika 10 kwenye moto mkali, nguo zikiwa bado kavu, zinamaliza kazi. Kisha ndiyo ufue.

Kwa waliotoka vijijini kwetu, hili linataka kuzoea upya. Papasi, kupe wa homa ya vipindi, amefuata njia nyingine: ngozi yake nene hushikilia maji, anakaa vumbini ndani ya nyumba ya udongo, hutoka usiku, hunyonya chini ya saa moja na kurudi ufani, na anaweza kungoja mlo kwa miaka. Yeye tulimwogopa kitandani. Huyu wa Kentucky anaogopewa mlango wa nyuma. Yuko mmoja wa huko, kupe wa nyota moja, ambaye huvumilia ukavu kidogo na hata hutembea kukufuata. Kwa ajili yake vaa suruali ndefu, ichomeke ndani ya soksi, na uinyunyizie permetrini, nguo tu, si ngozi, na paka asikaribie ikiwa mbichi. Dawa hiyo ni mwigo wa maabara wa sumu ya ua la pareto, lile lile lililolimwa Nakuru na Iringa. Iliundwa Rothamsted, Uingereza, na Michael Elliott na wenzake mwaka 1973.

Ukimkuta amekwisha kung'ata, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti waachie wengine. Homa au vipele vikifuata ndani ya wiki chache, nenda hospitali.

La nyama ni kweli. Mamalia wengi, ng'ombe, mbuzi na nguruwe wakiwemo, wana sukari iitwayo alfa-gali kwenye nyama yao. Binadamu hatuna, wala nyani na sokwe. Mate ya kupe wa nyota moja, yule ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni, huweza kuufundisha mwili uione sukari hiyo kama adui. Thomas Platts-Mills na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia ndio walioutambua mzio huu wa nyama mwaka 2009, na mwaka 2011 wakauhusisha na kung'atwa na kupe wa huko. Makadirio ya serikali ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2023 yanasema huenda watu 450,000 wameathirika nchini humo tangu 2010. Ugumu wake ni saa: mtu hula mishikaki jioni, halali vibaya, halafu baada ya saa mbili hadi sita anaamka amevimba midomo na kuwashwa mwili mzima, akalaumu shuka. Kuku na samaki hawana sukari hiyo. Ukifika kwa daktari, mwambie ulichokula, saa ngapi ulikula, na kama mwaka huu kupe amekung'ata.