Chapeo ya Mrumi kwa Gazeti na Uji wa Muhogo

Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar. Ukichezwa shuleni, Musoma au Bunda, askari huhitaji chapeo.

Warumi walifua chapeo zao kwa chuma au shaba nyeusi; nyumbani karatasi yatosha. Chukua bakuli linalolingana na kichwa cha mtoto, lifudikize, ulipake mafuta. Bandika vipande vya gazeti kuukuu kwa uji wa unga wa muhogo, tabaka sita. Anika mpaka zikauke, ndipo uvue. Kwa boksi, ongeza kinga ya shingo na za mashavu. Utosini, kishungi cha katani. Paka rangi ya fedha.

Hivyo mtoto wa mfanyakazi hatabaki nje ya mchezo kwa kukosa shilingi.