Stima safi, barabara chafu: upepo na usafiri Kenya

1/ Hoja hii narudi kuiona kila mdahalo. Mmoja anasema: "Kenya mambo ya tabianchi tumemaliza, stima yetu ni safi." Mwingine anamjibu: "Kama huo upepo wenu unasaidia, mbona mafuta bado iko juu?" Watu wanapiga makofi pande zote. Naona wote wawili wanachanganya vitu viwili. Twende polepole.

2/ Wa kwanza hadanganyi. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa mvuke wa ardhini, mabwawa, upepo na jua. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna vinu 365 vya upepo vyenye uwezo wa megawati 310. Kipeto kule Kajiado ni megawati 100 zingine. Hizi si porojo.

3/ Lakini stima ni stima na mafuta ni mafuta. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Dizeli ni karibu 2.7. Ndio, inazidi uzito wa mafuta yenyewe, manake kaboni inajiunga na oksijeni ya hewani. Ongeza vinu hata 1,000. Kama matatu za Thika Road bado zinachoma dizeli, moshi wake ni ule ule. Na bei ya pampu haijui upepo.

4/ Upepo unagusa usafiri pale tu chombo kinapotumia stima. Angalia reli. SGR yetu ya Mombasa–Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, inavutwa na dizeli. Jirani zetu Tanzania wana treni ya stima Dar–Dodoma tangu 2024, ingawa bado wanazalisha sehemu ya stima yao kwa gesi asilia. Sisi tuna stima safi na treni ya dizeli. Hapo ndio mdahalo ungefaa kuanzia.

5/ Swali linalosahaulika: unachaji saa ngapi? Saa moja jioni kila mtu anapika na taa zimewaka, stima inabana, na ndio wakati jenereta za mafuta zinaitwa kazini. Saa nane usiku watu wamelala lakini upepo wa Marsabit unavuma kweli kweli. Wakati mwingine vinu huambiwa vipunguze uzalishaji kwa sababu hakuna mtumiaji. Boda ya betri ikichajiwa jioni inaongeza mzigo. Ikichajiwa usiku wa manane inakula upepo ambao ungepotea bure.

6/ Ndio maana 2023 kuliwekwa bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za stima, na saa za usiku ni nusu ya ile ya mchana. Wazo zuri. Lakini mtu wa boda anayelala chumba cha kupanga, mita moja plot nzima, bei hiyo ataipata wapi? Anategemea kituo cha kubadilisha betri. Mwenye kituo akichaji usiku kwa bei ya chini, je, mteja anapunguziwa?

7/ Halafu pesa ya barabara. Kila lita unayonunua ina tozo ya matengenezo ya barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024. Pikipiki ya stima hailipi hiyo. Leo ni chache, hakuna anayesikia uchungu. Zikiwa nyingi, lami italipiwa na nani? Anayekuahidi magari ya stima bila kugusa hapa amekupa nusu ya hesabu.

8/ Kwa hivyo mgombea wako akitaja "nishati safi", muulize matatu:
– Ni lita ngapi za mafuta mpango wako utaondoa barabarani, na kwa miaka mingapi?
– Wenye boda na matatu watachaji wapi usiku, kwa bei gani?
– Tozo ya barabara ikipungua, pengo unaziba na nini?

9/ Akijibu kwa kutaja idadi ya vinu pekee, hajajibu. Hilo ni jibu la stima. Wewe umeuliza usafiri.