Mgodi wa Mbolea Uliofungua Mafuta ya Baharini

Katika jimbo la Sergipe, kaskazini-mashariki mwa Brazil, kuna mgodi wa potashi uitwao Taquari-Vassouras. Potashi ni chumvi inayotengenezewa mbolea, na Brazil, pamoja na ukubwa wa mashamba yake ya soya na miwa, huagiza sehemu kubwa ya potashi kutoka nje. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 1985 chini ya kampuni tanzu ya Petrobras, shirika la mafuta la taifa. Wahandisi wake walikabiliwa na tatizo lisilo la kawaida. Chini ya tabaka la potashi kulikuwa na chumvi ya aina nyingine, takihidraiti, na chumvi hiyo haitulii. Ukiichimba handaki, kuta zinaanza kusogeleana zenyewe.

Chumvi zote za ardhini hutembea. Zikikandamizwa na uzito wa miamba iliyo juu yake, tena kwenye joto, hujisukuma taratibu kuelekea palipo wazi, kama unga wa chapati uliokandwa ukiubana kwa kiganja. Chumvi ya kawaida, ile ya mezani, huchukua muda mrefu. Takihidraiti ina maji mengi ndani ya fuwele zake, na vipimo vya maabara vilionyesha kwamba katika joto na mgandamizo uleule hutembea kwa kasi takriban mara 100 ya ile ya chumvi ya kawaida. Ni chumvi adimu duniani. Ng'ambo ya pili ya Atlantiki, Congo-Brazzaville, ipo pia, kwa sababu pande hizo mbili zilikuwa bara moja. Mgodi wa potashi wa Holle huko Congo ulifurika maji mwaka 1977 na ukafa.

Petrobras haikutaka kupatwa na yaliyoupata Holle. Ilichukua vipande vya chumvi na kuvipeleka maabara, vikabanwa kwenye mashine kwa siku nyingi huku vipimo vikisoma vinavyopungua urefu, sehemu ndogondogo za milimita kwa wakati. Ndani ya mgodi yakachimbwa mahandaki ya majaribio, na umbali kati ya ukuta na ukuta ukawa unapimwa tena na tena. Kisha wahandisi wakaandika programu za kompyuta za kutabiri mwendo huo, wakalinganisha utabiri na vipimo, wakarekebisha. Yote hayo kwa ajili ya mbolea. Miaka michache baadaye mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Vale, na mtu angeweza kudhani kazi ile imeishia kabatini.

Mwezi Julai 2006, katika Bonde la Santos, karibu kilomita 300 kutoka pwani ya Rio de Janeiro, mtambo wa kuchimba ulifika kwenye mafuta ya Tupi. Maji pekee yalikuwa na kina cha zaidi ya kilomita 2. Chini yake kulikuwa na matabaka ya udongo na miamba, halafu chumvi ambayo katika bonde hilo hufikia unene wa kilomita 2, na ndipo chini kabisa ukaja mwamba wa chokaa wenye mafuta. Novemba 2007 shirika lilitangaza kwamba Tupi ina mapipa kati ya bilioni 5 na bilioni 8 yanayoweza kuvunwa.

Na ndani ya chumvi ile ya Santos kulikuwa na vipande vya takihidraiti.

Mchimbaji anayepita kwenye chumvi ya namna hiyo ana saa za kuhesabu. Shimo likiachwa bila kinga huanza kujifunga, na bomba la kuchimbia linanaswa ndani. Dawa yake ni matope ya kuchimbia yenye uzito wa kutosha kuisukuma chumvi irudi nyuma, lakini yasiwe mazito kiasi cha kuupasua mwamba. Je, uzito huo uwe kiasi gani katika kila kina? Shimo litabaki wazi kwa muda gani kabla ya kuwekewa bomba la chuma la kinga, na chuma hicho kiwe na unene gani? Majibu yalikuwepo tayari, yamepimwa Sergipe miaka 20 nyuma na watu waliokuwa wakitafuta potashi.

Hiki ndicho kinachonivutia katika historia ya Petrobras kuliko ukubwa wa visima vyake. Tunapenda kusimuliwa ugunduzi kama bahati ya siku moja. Kisima cha kwanza cha chini ya chumvi katika Bonde la Santos, Parati, kilianza kuchimbwa mwaka 2005, kikachukua zaidi ya mwaka mmoja na kula takriban dola milioni 240. Hakuna bodi ya wakurugenzi inayoidhinisha fedha hizo kwa bahati.

Safari yenyewe ilianza vibaya. Rais Getúlio Vargas alitia saini sheria ya kuunda Petrobras tarehe 3 Oktoba 1953, baada ya kampeni kubwa ya wananchi iliyokuwa na kaulimbiu isemayo mafuta ni yetu. Shirika likamwajiri mjiolojia Mmarekani, Walter Link, aongoze utafutaji. Mwaka 1960 Link aliandika ripoti iliyowakata watu maini: mabonde ya nchi kavu ya Brazil hayana matumaini makubwa, tafuteni baharini. Magazeti yakamwita kibaraka wa kampuni za Marekani. Mwaka 1968 mafuta ya kwanza ya baharini yakapatikana Guaricema, katika bahari ya Sergipe hiyohiyo, na mwaka 1974 yakafuata ya Garoupa katika Bonde la Campos. Mjiolojia wa watu alikuwa amesema kweli.

Mwaka 1963 Petrobras iliunda kituo chake cha utafiti, CENPES, ambacho baadaye kilihamia kisiwa cha Fundão, Rio, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Shirikisho. Ujirani huo si jambo dogo. Chuo kina bwawa la majaribio lenye urefu wa mita 40, upana wa mita 30 na kina cha mita 15, ambamo mawimbi na upepo hutengenezwa ili kuona mfano wa meli ya kuzalisha mafuta utakavyoyumba. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kutoka kwenye bwawa hilo na kufika kwa watu wenye tatizo halisi siku hiyohiyo.

Fedha zinatoka wapi? Sheria ya petroli ya mwaka 1997 iliondoa ukiritimba wa Petrobras, na mikataba iliyofuata ikaweka kifungu kimoja kizito: maeneo yenye uzalishaji mkubwa hutenga asilimia 1 ya mapato ghafi kwa utafiti, na sehemu yake huenda vyuoni. Ni mapato ghafi, siyo faida. Mhasibu hodari anaweza kuifanya faida ipotee, lakini mapato ghafi ni vigumu kuyaficha.

Matokeo yake yanaonekana katika mambo ambayo hayaandikwi kwenye vichwa vya habari. Sauti husafiri kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde majini, na mita 4,500 hivi ndani ya chumvi, kwa hiyo mawimbi ya mitetemo yanayotumwa chini na meli za uchunguzi hupinda na kuharibu picha ya kilichopo chini yake. Kunyoosha picha hiyo kunataka hesabu nzito, na ndiyo maana Petrobras inamiliki baadhi ya kompyuta zenye nguvu kubwa zaidi Amerika Kusini. Mwaka 2010 kukamilisha kisima cha Santos kulichukua wastani wa zaidi ya siku 300. Kufikia 2016 zilikuwa chini ya 100. Leo zaidi ya robo tatu ya mafuta ya Brazil hutoka chini ya chumvi.

Gesi inayotoka humo imechanganyika na hewa ukaa nyingi. Shirika huitenganisha kwenye meli na kuirudisha ardhini. Kwa mwaka 2023 lilisema limerudisha tani milioni 13. Ni kazi ya kisayansi ya kusifiwa, ila tusidanganyike: hiyo ni hewa iliyotoka na gesi kisimani, wala haigusi moshi wa mafuta yenyewe yakishachomwa, ambao ni mwingi mara nyingi zaidi. Utafiti haukuuzuia pia mtambo wa baharini wa P-36 kulipuka na kuzama mwaka 2001, wafanyakazi 11 wakafa, wala haukuzuia rushwa ndani ya shirika iliyoanikwa na uchunguzi ulioanza mwaka 2014.

Sasa turudi kwetu. Mafuta ya Tupi yalipikwa kutokana na viumbe vya maziwa marefu yenye kina, yaliyojitokeza wakati Amerika Kusini na Afrika zilipoanza kuachana zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita. Mwamba unaoyabeba ulijengwa kwa sehemu na vijidudu vilivyokusanya chokaa ukingoni mwa maji. Wajiolojia wanaotaka kuona maziwa ya namna hiyo yakiwa bado hai huja Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambako miamba iliyojengwa na vijidudu inapatikana hadi leo. Yaani sehemu ya darasa la mafuta ya Brazil iko Kigoma.

Petrobras yenyewe iliwahi kuchimba katika bahari kuu ya Tanzania, kisima cha Zeta-1 kwenye kitalu namba 5, ikaondoka mikono mitupu. Wengine wakapata gesi katika vitalu vya jirani, na hazina inayotajwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa baharini. Mazungumzo ya mradi wa kuisindika Lindi yamechukua miaka mingi. Shirika la TPDC, lililoanzishwa mwaka 1969, linatafuta mafuta katika Bonde la Eyasi-Wembere, ambalo, kama Ziwa Tanganyika, ni sehemu ya Bonde la Ufa.

Mikataba ya Tanzania tayari inawataka wawekezaji kuchangia mafunzo. Ombi langu kwa wanaokaa kwenye meza ya mazungumzo ni kwamba wasiishie kwenye mafunzo. Wadai kifungu cha utafiti kinachohesabiwa kwa mapato ghafi, fedha zipite vyuo vya Dar es Salaam na Dodoma, na kila sampuli ya mwamba inayotolewa katika ardhi na bahari yetu ifanyiwe kazi hapa nchini, hata kama haina mafuta. Kifungu hicho kiandikwe kabla ya gesi kuanza kutoka. Ikishaanza, hakuna mwekezaji atakayekubali.