TUNACHOKICHOMA KINAKWENDA WAPI? DIZELI, MKAA NA ZIWA LETU



 Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, katika toleo hili tumeona tuandike juu ya jambo ambalo mara nyingi haliingii katika vitabu vya darasani, nalo ni moto: moto wa jikoni, moto uliomo ndani ya injini ya lori, na ule uliokuwa ukiwasha taa za mji wetu wa Mpanda. Sababu ni swali la mwanafunzi mmoja tulipokuwa tukisoma mlango wa israfu. Aliuliza, "Ustadhi, mafuta yakishaungua yanakwenda wapi?" Adhana ilikuwa karibu, tukamjibu kwa ufupi. Hapa tunajibu kwa urefu, maana swali ni zuri kuliko linavyoonekana.

Wazazi wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kabla ya kujengwa njia kubwa ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, kazi iliyofanyika katika miaka hii ya 2020, Mpanda haikuwamo katika gridi ya taifa. Taa, mashine za kusaga na friji za samaki zilitegemea majenereta ya dizeli. Sasa hebu tuifuate hiyo dizeli. Tanzania haichimbi mafuta ghafi hata pipa moja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni kilijengwa miaka ya 1960, lakini kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo kazi yake ni kuhifadhi. Kwa hiyo dizeli huja kwa meli ikiwa tayari imesafishwa, sehemu kubwa kutoka nchi za Ghuba na India, hushushwa Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli au kwa barabara mpaka ifike huku kwetu. Na lori linaloileta nalo linakunywa dizeli njiani. Ndiyo sababu kila EWURA inapotangaza bei kikomo za mwezi, bei ya Mpanda huwa juu kuliko ya Dar es Salaam. Mtu wa Katavi hulipia mafuta, na hulipia safari ya mafuta pia.

(Reli yenyewe ya kutoka Kaliua haikujengwa kwa ajili ya mafuta wala abiria. Wakoloni wa Kiingereza waliimaliza mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Mpanda. Machimbo yalifungwa karibu na miaka ya uhuru, reli ikabaki ikitufaa sisi.)

Turudi kwenye swali. Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo moja, ni kama gramu 840. Ikiungua ndani ya jenereta hutoa umeme wa uniti tatu hivi, na hutoa hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.6 au zaidi kidogo. Mwanafunzi makini atasema hapana, hesabu hiyo haikubali: vipi gramu 840 zizae kilo mbili na nusu? Jibu ni kwamba mafuta hayaungui peke yake. Ndani ya dizeli mna kaboni, na kila chembe ya kaboni inapoungua hukamata chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo ni nzito kuliko kaboni iliyoikamata. Uzito ulioongezeka umetoka katika hewa tunayovuta. Basi kitu hakikupotea. Tangi limekuwa tupu, lakini kilichokuwamo kiko juu yetu, hakionekani wala hakinuki. Moshi mweusi tunaouona kwenye bomba la jenereta ni masizi tu, mabaki ya mafuta yasiyoungua vizuri. Masizi yanadhuru mapafu, lakini huanguka baada ya siku chache. Hewa ukaa, sehemu yake isiyo ndogo, hukaa kwa miaka mamia.

Kabla watu wa Ulaya hawajaanza kuchoma makaa ya mawe viwandani, katika kila sehemu milioni za hewa kulikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Hewa hiyo hufanya kazi kama blanketi: joto la jua linaingia, lakini linapotaka kutoka usiku linazuiwa. Na tuseme ukweli bila kupindisha, blanketi hilo hatukulifuma sisi. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani. Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa tani 14 hivi, na mtu wa Qatar hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo, ambapo Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Wako wanaotuhubiria sisi tuzime taa huku wao wakiwa na gari mbili mlangoni. Hayo yana mahali pake. Lakini madhara hayaangalii nani alichoma, na sisi wa Katavi tunayaona karibu, katika Ziwa Tanganyika.

Ndugu zetu wa Karema na Ikola wanalijua ziwa kuliko sisi wa mjini, ila wengi hawajaambiwa linavyofanya kazi chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Maji ya juu ni ya vuguvugu na yana hewa, maji ya chini ni baridi zaidi, hayana oksijeni, lakini ndiko iliko mbolea yote, kwa sababu kila kinachokufa huzama huko. Samaki wako juu, chakula chao cha asili kiko chini. Kinachoviunganisha ni upepo wa kusini wa kiangazi, ambao huyasukuma maji ya juu na kuyafanya ya chini yapande. Ni kama uji sufuriani: usipokoroga, vizito hubaki chini. Sasa, kadiri hewa inavyopata joto, maji ya juu nayo yanapata joto zaidi, yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale baridi mfano wa mafuta juu ya maji, na upepo unashindwa kuyakoroga. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika ziwa hili: vijimea vidogo ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha dagaa vilikuwa vimepungua kwa kiasi cha asilimia 20, nao wakakadiria kuwa samaki wangepungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine wakapima matope ya chini ya ziwa, ambayo ni kama kitabu cha miaka iliyopita, wakakuta kuwa upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Hatusemi kuwa nyavu za macho madogo hazina lawama. Zina lawama, na serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ilikuwa na hoja. Tunachosema ni kwamba mvuvi wa Ikola anayerudi na ndoo nusu ya dagaa analipa pia sehemu ya deni ambalo wengine walilikopa. Na bei ya dagaa na migebuka sokoni Mpanda mnaijua.

Kuna jambo la ajabu hapa. Yale maji ya chini yasiyo na oksijeni ndiyo yanayofanya watu wadhani kuwa chini ya ziwa mna mafuta. Viumbe vilivyokufa vikizama pasipo oksijeni haviozi vikaisha. Hufunikwa na matope, matope juu ya matope kwa mamilioni ya miaka, vikashindiliwa na kupashwa joto la ardhini, na kwa njia hiyo hugeuka mafuta na gesi. Ndivyo ilivyokuwa katika Ziwa Albert kule Uganda, ambalo ni la bonde la ufa kama letu, na mafuta yalithibitika huko mwaka 2006. Kwa ajili ya mafuta hayo likabuniwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ambalo linapita hata kwa jirani zetu wa Tabora, na ambalo lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta na hugandamana. Kwetu, kampuni ya Beach kutoka Australia ilisaini mkataba mwaka 2010 wa kutafuta mafuta upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 2012 ilipima chini ya ziwa kwa mawimbi ya sauti. Haikufikia kuchimba kisima.

Iwapo siku moja atakuja mwingine, vijana wa Katavi wanaosoma leo ndio watakaokaa mezani, kwa hiyo wajue hili: ziwa hili linatokea mto mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, Kongo, na maji yakishaingia hukaa humo mamia ya miaka. Bahari ikimwagikiwa na mafuta, mawimbi husaidia kuyatawanya. Hapa hayana pa kwenda, na wanaokunywa ni watu wa nchi nne.

Mpaka hapa tumeongea juu ya mafuta ya wengine. Tuje kwenye mkaa, ambao ni wa kwetu.

Ukipita njia ya kwenda Inyonga au ya Mwese unaona magunia yamepangwa pembeni. Gunia moja linaonekana dogo mbele ya mti, lakini katika tanuri la udongo la kawaida kilo moja ya mkaa hutokana na kilo sita, nane, hata kumi za kuni. Nyingine zote zimeungua ndani ya tanuri kabla mama hajabandika sufuria. Ongeza na magogo ya kukaushia tumbaku. Miyombo, mitundu na mininga inakwenda, mvua ikinyesha udongo unakimbilia mtoni, na Mto Katuma kiangazi unakuwa mashimo ya matope wanamogombania viboko wa hifadhi ya Katavi. Kukatwa miti si sababu pekee, maana maji ya juu nayo yanachepushwa mashambani, lakini imo. Ndani ya nyumba moshi unafanya kazi yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walifariki kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Walio hatarini zaidi ni akina mama na watoto wadogo wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika.

Wako waliochagua njia nyingine. Katika milima ya Ntakata, wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vilikubaliana kuanzia mwaka 2017 kuilinda misitu yao, na kaboni iliyobaki ndani ya miti ile huhesabiwa na kuuzwa kwa makampuni ya nje kwa kupitia Carbon Tanzania. Fedha zimejenga madarasa na zahanati na kulipia bima ya afya ya wanakijiji. Tumeulizwa msikitini kama huku si kuuza hewa. Kwa tunavyofahamu sisi, kinacholipwa ni kazi ya kulinda, kama anavyolipwa mlinzi. Undani wa hukumu tunawaachia masheikh. Ila kulinda miti si jambo geni kwetu, kwani Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo tukufu ambalo miti yake haikatwi. Wasiwasi wetu ni mwingine: anayenunua kaboni ile asifanye kuwa ni ruhusa ya kuendelea kuchoma mafuta vilevile.

Sasa tunaambiwa tupikie gesi. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mwaka 2024 ukatoka mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwanafunzi atauliza, na ana haki: gesi ya mtungi si nayo ni mafuta? Ndiyo, inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, huja kwa meli, na ikiungua hutoa hewa ukaa. Lakini haitoi moshi jikoni na haikati mti. Kwa mama mwenye kikohozi hilo halihitaji mjadala mrefu. Umeme ni bora zaidi pale unapofika, kwa kuwa mwingi wa gridi sasa ni wa maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na uliobaki kwa sehemu kubwa ni wa gesi yetu ya Songo Songo na Mtwara. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Watu wanaliogopa kwa kudhani linakula luku kama pasi. Wajaribu wapime kwenye mita wenyewe.

Tunajua pia kuwa baadhi ya wazazi wa madrasa hii hula na kulipa ada kwa mkaa, na hatutaki watoto wao wadharauliwe na wenzao. Kwao tuna neno la kazi. Miti ya miyombo ina tabia njema, kisiki chake huchipua tena chenyewe. Kinachokiua ni kung'olewa, kulimwa juu yake, na moto wa kiangazi unaorudi kila mwaka. Anayekata kwa kibali cha watu wa misitu, akaacha visiki vizima na miti mikubwa ya mbegu, akazungushia njia ya moto, atapata mti mahali palepale baada ya miaka, na mwanawe atapata. Na anayepanga kuni zilizokauka vizuri tanurini, akaweka bomba la kutolea moshi, hupata mkaa mwingi zaidi kutoka kwa magogo yaleyale. Watu wa misitu wilayani hufundisha ujenzi wa tanuri hilo, na mzazi anayetaka kwenda kujifunza amwone mwalimu wa zamu baada ya swala ya alasiri, tutakwenda pamoja insha Allah.