Usiukate Kuni Ubao wa Mwanao

Jioni moja ya mwezi wa Desemba nilirudi kutoka sokoni, hapa Korogwe, nikamkuta kijana wangu wa miaka 13 ameketi barazani, mkono mmoja ameushika kwa mwingine, na uso umempauka. Kando yake ulikuwapo ule ubao wenye magurudumu manne ambao mjomba wake alimnunulia kwenye mitumba Dar es Salaam. Vijana wa mjini huuita skeitibodi.

"Mama, nimeteleza tu," alisema.

Kumbe mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Hospitali walimfunga plasta ngumu. Kesho yake asubuhi nilichukua shoka, nikaupasua ule ubao, nikaupikia maharage. Kijana alinitazama bila kusema neno. Mimi nikajisifu moyoni kwamba nimemaliza kazi. Wazazi wenzangu, sikuwa nimemaliza lolote.

Ulimwengu ukamfunza

Plasta ilipotolewa, alikwenda likizo kwa mdogo wangu, Handeni. Wanaoijua Handeni wanajua shida yake ya maji wakati wa kiangazi. Watoto huko hutengeneza vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi kuukuu kutoka gereji, wakabebea madumu. Madumu yakishashushwa, kigari hugeuka kuwa mchezo. Mwanangu na wenzake walijitengenezea ubao wao wa beringi, wakaanza kuteremkia mabonde.

Siku moja mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, mwanao nimemkuta kwenye lami, amesimama juu ya ubao na ameshikilia nyuma ya bajaji inayokwenda!"

Niliishiwa nguvu. Alfajiri nilipanda basi, nikaenda zile kilomita 65 huku nikipanga maneno makali. Nilipofika, mtoto aliniamkia, akainamisha kichwa. Nikamwuliza kwa nini ananitafutia kifo. Akajibu polepole, "Nyumbani umekataa, mama. Ndiyo maana nachezea mahali usiponiona."

Maneno yale yalinichoma kuliko simu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wangu alikuwa akifunzwa na barabara ya magari. Nilirudi naye nyumbani, nikaanza kuuliza na kujifunza habari za mchezo huu. Niliyoyapata ndiyo haya.

Si uhuni

Ubao wa magurudumu ulianzia California, Marekani, kwa vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Leo uko hata kwa majirani zetu. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, mjini Kampala, walijijengea uwanja wa saruji wa mchezo huu. Mwaka 2013 uwanja mwingine ulifunguliwa Nairobi kwenye makao ya watoto ya Shangilia. Na katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ubao wa magurudumu ulishindaniwa kwa mara ya kwanza. Medali ya dhahabu ya wasichana katika mashindano ya mtindo wa mtaani ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani. Alikuwa na miaka 13, sawa na huyu wangu niliyempasulia ubao.

Anavyojifunza hatua kwa hatua

Ajali nyingi huja kwa sababu mtoto anataka kuruka kabla hajajua kusimama. Utaratibu mzuri ni huu:

1. Kusimama. Auweke ubao juu ya majani au mchanga ili usitembee. Akunje magoti kidogo, miguu iachane. Wengine hutanguliza mguu wa kushoto, wengine wa kulia; asilazimishwe.

2. Kwenda na kusimamisha. Mguu wa mbele ubaki juu ya ubao, wa nyuma usukume ardhi. Kusimamisha ni kuburuza soli ya kiatu chini taratibu. Asiyejua kusimamisha asiende kwenye mteremko wowote.

3. Kugeuka. Ekseli za skeitibodi zina mpira unaoziruhusu kupinda, hivyo mtoto akiegemea upande mmoja ubao hugeuka. Ule wa beringi hauna mpira huo. Haugeuki vizuri, na kwenye mteremko ni wa hatari zaidi.

4. Kuruka. Mtindo wa kwanza wanaoutamani wote huitwa oli, kwa jina la utani la Alan Gelfand, kijana wa Florida aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mguu wa nyuma hupiga mkia wa ubao chini kwa nguvu, papo hapo mtoto huruka, huku akiuburuza ubavu wa mguu wa mbele kuelekea kwenye pua ya ubao. Ubao hupanda naye na kukaa sawa hewani, kisha wote wawili hutua, magoti yakiwa yamekunjwa. Aanze ubao ukiwa umesimama. Wangu alichukua wiki nyingi kabla ya kuruka kimo cha kidole.

Kuanguka nako hufundishwa

Mtoto anapoanguka hutanguliza kiganja, na hapo ndipo kifundo huvunjika. Mfundishe kujikunja na kubiringika kwa bega, kama anayepiga kichwangomba. Afanye zoezi hilo kwanza kwenye majani. Avae viatu vilivyofungwa kamba, kamwe si kandambili, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Kinga za magoti na viwiko zikipatikana ni vema zaidi.

Madaktari wa watoto wa Marekani wamewahi kushauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano asipande kabisa ubao huu, na wa miaka sita hadi kumi asimamiwe na mtu mzima.

Akiumia mkono na ukaona umevimba au umepinda, usiuvute wala kuuchua. Uegemeze juu ya kipande cha ubao au gazeti lililokunjwa, funga bila kukaza sana, uning'inize kwa kanga shingoni, kisha nenda hospitali. Kufunga kwa kukaza kunaweza kuzuia damu na kuharibu mkono wote. Akigonga kichwa, halafu akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa, au maji au damu ikatoka masikioni, usingoje kuche.

Masharti ya nyumbani kwetu

Tulikaa mezani, mimi, baba yake na yeye, tukakubaliana hivi: Barabara ya magari ni marufuku, na kushikilia chombo chochote kinachotembea ni marufuku zaidi. Atacheza kwenye sakafu ya saruji tuliyoruhusiwa kuitumia, jioni, baada ya kazi za nyumbani na masomo. Kofia ikisahaulika, hakuna mchezo siku hiyo. Akivunja sharti, ubao unafungiwa kabatini wiki moja, lakini haukatwi tena kuni.

Baba yake aliongeza lake: nusu ya fedha ya ubao mpya wa mtumba aitafute mwenyewe. Aliuza mayai ya kuku wake miezi mitatu. Sasa anautunza ubao ule kuliko anavyozitunza nguo zake.

Sisemi kwamba hofu imeniisha. Nikisikia kishindo uani, moyo hunipasuka. Lakini sasa nakisikia. Zamani alikuwa akianguka mbali, nami sijui.

Juzi binti yangu wa miaka tisa alinifuata jikoni. "Mama, na mimi nataka." Jirani aliyekuwa akichambua mchele nami alicheka. "Wa kike tena! Atavunjika miguu huyo, nani atamwoa?"

Nilinyamaza kidogo, nikamkumbuka yule msichana wa Japani. Kisha nikamwambia binti yangu akatafute viatu vya kufunga kamba, akamwombe kaka yake kofia. Tukatoka wote watatu. Kaka mtu akamshika mkono, nami nikamshika wa pili. Jirani aliufuata ungo wake nje, akaketi kutazama.