Vijiroketi vya Karatasi Vyarudi Angani

Bila shaka umepata kusikia habari za roketi ile kubwa iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Leo nataka kukueleza habari za roketi nyingine, ndogo kabisa, ambayo urefu wake haupiti sana rula ya shuleni. Bomba lake ni la karatasi, kichwa chake ni cha mti mwepesi, na mapezi yake ya mkiani ni ya mti huo huo. Hata hivyo huruka kweli kweli. Huko Marekani watoto wengi sana walizitengeneza kwa mikono yao wenyewe katika miaka ya 1960 na 1970. Watoto wale sasa ni wazee wenye mvi, na baadhi yao wanapanda darini kuzitafuta, wanazifuta vumbi, na kuzitengeneza ili ziruke tena. Kwa mzaha hujiita warusha roketi waliozaliwa mara ya pili. Usicheke! Kazi yenyewe si mchezo, nami nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza yafaa ujue roketi hizi zilivyoanza. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Tangu siku ile vijana wa Marekani walishikwa na wazimu wa roketi. Walichukua vipande vya mabomba ya chuma, wakavijaza baruti ya kuchanganya wenyewe au unga wa vichwa vya viberiti, wakawasha. Loo! Wengine walipoteza vidole, wengine macho, na wengine walikufa pale pale, maana chuma kikipasuka vipande vyake huruka kama risasi. Ninyi wazazi, msiipite sehemu hii haraka. Ukimwona mtoto nyuma ya nyumba anakwangua vichwa vya viberiti na kuvikusanya ndani ya mkebe, usiseme anacheza tu.

Kumbe dawa ya msiba ule ilikwisha patikana, tena kwa mtu ambaye hakuna aliyemdhania. Katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, alikuwako mwuza viatu jina lake Orville Carlisle. Yeye alipenda mambo ya fataki, na nduguye Robert alipenda ndege ndogo za mfano. Mwaka 1954 Carlisle alitengeneza roketi ya karatasi na mti, isiyo na chuma, yenye mota ndogo ya karatasi iliyotiwa baruti tayari. Mota ikiisha kuungua hutupwa, hutiwa nyingine, na roketi hurushwa tena. Mwaka 1957 Carlisle alimpelekea roketi zake G. Harry Stine, aliyefanya kazi ya roketi kubwa huko White Sands, New Mexico. Stine alizijaribu, akaona hiki ndicho kitu cha kuwapa vijana badala ya mabomba ya chuma. Mwaka ule ule kikaanzishwa chama cha kitaifa cha warusha roketi ndogo, chenye sheria zake za usalama.

Lakini mota zilihitajika nyingi. Basi akapatikana Vernon Estes wa Denver, ambaye jamaa zake walikuwa watengenezaji wa fataki. Estes aliunda mashine ya kushindilia baruti kwa nguvu za hewa, akaipa jina la kike, Mabel. Kampuni yake ilihamia Penrose, jimbo la Colorado, mwaka 1961, na kutoka huko roketi zikaenda kwa posta hadi vijijini, vipande ndani ya mfuko pamoja na karatasi ya maelezo. Mtoto alikata, akapiga msasa, akabandika kwa gundi, akapaka rangi.

Sasa utauliza, kitu hiki chafanya kazi namna gani? Mota yake ni kibomba cha karatasi ngumu, kinene kama kidole cha mtu mzima. Chini pana udongo mgumu wenye tundu dogo. Juu ya udongo pana baruti iliyoshindiliwa. Ndiyo inayosukuma roketi, nayo huisha katika muda mfupi kama sekunde mbili. Juu yake tena pana baruti ya polepole, isiyosukuma kitu ila kutoa moshi, ili roketi ipate nafasi ya kupanda mpaka mwisho wa mwendo wake. Kisha huwaka baruti ya tatu, kidogo tu, ambayo hulipukia mbele, hukisukuma kichwa kitoke, na kuutupa nje mwavuli. Hapo roketi hushuka taratibu. Mwavuli usipotoka, roketi hurudi kichwa chini kama mshale, na ole wake aliyesimama chini.

Haya, tumfikirie mzee mmoja wa huko aliyeikuta Alpha yake darini. Alpha ni roketi iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, yenye urefu wa sentimita 31 na uzito wa gramu zisizofika 30. Ikitiwa mota kubwa inayoifaa yaweza kupanda karibu meta 300. Mzee ameikuta imeanguka pezi moja, bomba limebonyea, na pembeni yake pana pakiti ya mota ambazo hazikuwashwa hata mara moja. Moyo wake waruka kwa furaha. Mota za zamani, tena za bure!

Hapo ndipo penye hatari yote. Dari la nyumba za kule hupata joto kali wakati wa kiangazi na baridi ya barafu wakati wa kipupwe. Baruti ndani ya mota hutanuka na kunywea, mwaka baada ya mwaka, mpaka inapata nyufa au kujitenga na karatasi. Kwa nje huoni kitu. Ukiiwasha, moto huingia katika ufa, baruti nyingi huwaka kwa pamoja, na mota hupasuka. Kwa hiyo mtu mwenye busara huzitia mota hizo ndani ya ndoo ya maji mpaka zilainike na kuvunjika, halafu hununua mpya. Najua yauma kuzamisha kitu ulichokinunua kwa senti zako za utoto. Lakini roketi nzima yaweza kuteketea kwa sababu ya mota moja ya bure.

Kitu cha pili ni ule mpira unaofunga kichwa pamoja na bomba. Mpira ukizeeka hukauka, ukiuvuta wakatika. Huo hutolewa wote, hata kama waonekana mzima, na mahali pake hutiwa mpira mpya, kama ule wa kiunoni mwa nguo, uliofungwa kwa uzi usioungua upesi. Mwavuli wa nailoni uliokunjwa miaka arobaini hugandamana. Mara nyingi hukatwa mpya, ukapakwa poda ya watoto ili ufunguke vizuri. Pezi lililoanguka hukwanguliwa gundi ya zamani, likatiwa gundi mara mbili, ya kwanza iachwe ikauke kidogo ndipo ya pili itiwe. Bomba likibonyea sana, sehemu mbovu hukatwa na kuungwa kipande kipya kwa bomba jingine jembamba lililo ndani.

Juu ya rangi, wazee hawa hawapatani. Wengine hupiga msasa mpaka chini, wakapaka upya, roketi ikang'aa kama imetoka dukani jana. Wengine hawagusi kabisa. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mistari iliyopinda ya brashi, na alama ya kidole cha mtoto wa miaka kumi kwenye rangi nyekundu, hivyo vikiisha kusuguliwa havipatikani tena kwa fedha yo yote. Tengeneza kinachozuia kuruka, mengine yaache.

Kabla ya kuirusha lazima ipimwe, maana gundi na rangi za nyongeza huongeza uzito mkiani, na roketi yenye mkia mzito hupinduka hewani. Upimaji wake ni rahisi, hata mtoto aweza. Hutiwa mota na mwavuli kamili, ikafungwa kamba pale inapolala sawasawa bila kuelemea upande, kisha ikazungushwa juu ya kichwa kama kombeo. Ikienda kichwa mbele, ni njema. Ikienda mkia mbele au ikiyumbayumba, hutiwa uzito kidogo kichwani, ikapimwa tena.

Siku ya kuruka huchaguliwa uwanja mpana, mbali na nyasi kavu, na upepo usiwe mkali. Roketi huvikwa katika fito nyembamba ya chuma yenye urefu wa karibu meta moja ili ianze safari wima. Hakuna utambi wala kiberiti. Huwashwa kwa umeme wa betri, nao watu husimama mbali, si chini ya meta tano. Isipowaka, ufunguo wa umeme hutolewa, na mtu ye yote asiikaribie mpaka dakika moja ipite. Mzee huhesabu kwa sauti, tano, nne, tatu, mbili, moja, na anabonyeza. Yasikika sauti kama kitambaa kinachochanwa, na roketi haionekani tena, ila uzi wa moshi.

Ikinaswa juu ya nyaya za umeme, sheria yasema iachwe huko huko. Lakini ukifunguka mwavuli na upepo ukiwa mpole, wajukuu huikimbilia na kuidaka kabla haijagusa majani. Babu huitoa mota iliyoungua, ingali na joto, atazama kama mpira umeguswa na moto, na kutia nyingine.